Shajara ya mgambo: kakomandi kangu ka kuchungulia kura za Cosmos

Jumamosi, siku ya kwanza

Haya nimeanza. Nasema naanza tangu ile hoja namba 848 ya Cosmos Hub, Novemba 2023, na kila nikikaa kuanza linatokea lingine. Kwa mgeni, Cosmos Hub ni mnyororo wa bloku (blockchain), sarafu yake ni ATOM, na wenye ATOM ndo wanapiga kura kuamua mambo yake. Kwa asiyeikumbuka, 848 ndo ile iliyoshusha kiwango cha juu cha mfumuko wa ATOM, yaani kasi ya kutengenezwa ATOM mpya, kutoka asilimia 20 mpaka 10, na sisi wenye vijiakiba tulivyovisteki, yaani tulivyovifungia kwenye mtandao ili tulipwe, tukaona malipo yetu ya mwaka yanatoka kwenye kama asilimia 19 mpaka kama 13. Mi sikuipigia kura. Sio kwamba sikuwa na maoni, maoni nilikuwa nayo mpaka nikawa kero kwenye kikundi, ila siku zenyewe 14 zilipita nikiwa nahangaika na fundi wa bomba hapa Tabata, nakuja kufungua waleti, ile pochi ya sarafu kwenye simu, nakuta mambo yameisha.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki, kwenye Cosmos ukikaa kimya kura yako haipotei. Inamfuata validata uliyemkabidhi tokeni zako, yaani yule mwenye mashine za kuthibitisha miamala ya mnyororo. Akisema ndiyo, uzito wako nao umesema ndiyo. Wa kwangu alikuwa kapiga kinyume kabisa na nilivyokuwa napiga kelele, kwa hiyo nilijipinga mwenyewe kwa kunyamaza tu. Na ningeweza kumpiku, maana ukipiga yako mwenyewe hata dakika ya mwisho yako ndo inahesabika kwa fungu lako, ya validata inabaki kwa waliolala.

Kwa hiyo ninachotaka ni kitu kidogo sana. Nafungua terminali, naandika mgambo, naambiwa hoja zipi ziko wazi, zinafungwa lini, mimi nimepiga au bado, na validata wangu kapiga nini. Basi. Haipigi kura, haigusi funguo, haijui hata maneno ya siri ya waleti yamekaa wapi, inasoma anwani za hadharani tu. Najua ziko boti na tovuti zinazofanya haya, ila tuko sita kwenye kikundi na kila mtu ana waleti yake na validata wake, nataka niione listi yote sehemu moja bila kukabidhi anwani zetu sita kwa mtu nisiyemjua.

Jina limetoka kwenye la mgambo likilia kuna jambo. Jamaa mmoja kwenye kikundi kashauliza kama itakuwa inakimbizana na wamachinga.

Jumamosi usiku

Nimeandika Python. Ningependa Go maana Cosmos yenyewe ni Go lakini Python ndo naandika huku nasinzia.

Node, yaani mashine yenye nakala ya mnyororo unayoweza kuiuliza maswali, yangu sina na sitaki kuwa nayo, diski ya laptopu yangu haitoshi hata robo, kwa hiyo nimetumia node za umma, zimeorodheshwa kwenye ile repo ya chain-registry kule GitHub. Nimechagua tano. Mbili zimekufa kabisa, moja imenijibu mara kumi afu ikanipa 429 yaani umezidisha maswali kaa pembeni, mbili ziko poa.

Swali lenyewe ni rahisi, unagonga /cosmos/gov/v1/proposals na proposal_status=2. Mbili ni hoja zilizo kwenye kura. Moja ni zile zinazosubiri amana itimie, yaani tokeni za dhamana zinazowekwa kabla hoja haijapigiwa kura, tatu zimepita, nne zimekataliwa, tano ndo za ajabu kidogo, zimepita kwenye kura afu utekelezaji wenyewe ukafeli.

Nilianza na v1beta1, toleo la zamani la mlango huo, kwa sababu nilikopi kutoka kwenye maelekezo ya zamani, usifanye hivyo. Kila kitu kinakwenda vizuri mpaka siku mtu alete hoja yenye jumbe zaidi ya moja ndani, hapo v1beta1 inagoma inasema haiwezi kuigeuza. Nikahamia v1, na majina yamebadilika, kilichoitwa yes sasa ni yes_count, kwa hiyo saa zima limekwenda kwenye KeyError, ero ya Python ya kuita jina lisilokuwepo.

Afu nikakutana na kimya cha kwanza. Kila hoja iliyo wazi ina sehemu inaitwa final_tally_result, na zote zilikuwa sifuri sifuri sifuri sifuri. Nikasema duh, watu wote wamelala kama mimi? Nusu saa natafuta bagi. Kumbe ile sehemu haijazwi mpaka kura ifungwe, hesabu inayoendelea unaiuliza mlango mwingine, /tally mwishoni baada ya namba ya hoja. Sifuri ile haimaanishi hakuna aliyepiga, inamaanisha hatujahesabu. Wangeacha tu patupu ningewaelewa haraka zaidi.

Jumapili

Leo hesabu za kura, na hapa nimekaa muda mrefu kwa raha zangu maana ndo sehemu watu wengi wanaikosea hata wale wanaobishana kila siku.

Chukulia mkutano wa chama chenu cha kukopeshana. Kwanza akidi, lazima waliohudhuria wafike idadi fulani, kwa Cosmos Hub akidi ni asilimia 40 ya tokeni zote zilizostekiwa. Afu kuna kura za aina nne, ndiyo, hapana, sina upande, na hapana ya turufu. Turufu ni ile ya mtu anasema hii hoja sio mbaya tu, hii ni ya hovyo isingeletwa kabisa. Turufu ikizidi asilimia 33.4 ya kura zote zilizopigwa hoja inakufa hata kama ndiyo ni nyingi.

Sasa utamu uko kwenye wanaosema sina upande. Kwenye akidi wanahesabika, wamehudhuria. Kwenye kupima turufu wanahesabika. Lakini kwenye kupima kama ndiyo imevuka nusu wanatolewa nje, inabaki ndiyo dhidi ya hapana na turufu peke yake. Mi kodi yangu ya kwanza nilichukua ndiyo nikagawa kwa kura zote, nikaitesti na 848 kwa sababu hoja za zamani bado unaweza kuziuliza pamoja na matokeo yake, na mgambo akaniambia kwa uso mkavu kwamba 848 ILIKATALIWA. Ningefurahi sana iwe kweli bana.

Ndiyo ilikuwa 41.1, hapana 31.9, turufu 6.6, waliobaki kama asilimia 20 hawakuwa na upande. Ukiangalia 41 unasema haijafika nusu. Ila toa wasio na upande, inabaki 41.1 kwa 79.6, hiyo ni 51.6, imepita. Yaani mmoja katika watano alikaa pembeni na kukaa kwake pembeni ndo kulifanya nusu isogee chini ikawakuta wenzake waliposimama. Nilipoiona hiyo namba imetoka kwenye terminali yangu mwenyewe ndo nikaelewa kwa nini ilileta ugomvi mpaka Jae Kwon, mmoja wa waanzilishi wa Cosmos, akatangaza anagawa mnyororo anaanzisha wake, AtomOne.

Testi ya pili nikachukua hoja 82 ya Novemba 2022, ile ya karatasi mpya ya ATOM 2.0, yaani andiko la mpango mpya wa Hub. Hiyo ni mfano wa turufu. Walioafiki walikuwa wengi kuliko walioweka turufu, lakini turufu ilifika asilimia 37 na ushee, ikavuka mstari, ikafa. Mgambo sasa anazipata zote mbili sawa. Nimeziweka kama testi za kudumu, nikiharibu hesabu siku moja 848 na 82 zitanisuta.

Mpangilio nao ni muhimu, unapima akidi kwanza, afu turufu, afu nusu. Na hivyo viwango usiviandike kwenye kodi kwa mkono, viulize kwenye mnyororo wenyewe, /cosmos/gov/v1/params/tallying, maana kila mnyororo una vyake na vyenyewe vinabadilishwa kwa kura hizi hizi. Jumla ya zilizostekiwa inatoka kwenye /cosmos/staking/v1beta1/pool, iko kwenye uatom, milioni moja ni ATOM moja, ukisahau kugawa unajiona tajiri.

Jumatatu

Saa. Mnyororo unatoa muda wa UTC wenye Z mwishoni na tarakimu tisa baada ya nukta. Laptopu yangu ni Ubuntu 22.04, Python yake ni 3.10, na hiyo fromisoformat yake Z haiitaki na tarakimu tisa haizitaki pia. Nimekata kwa mkono zikabaki sita. Mbaya lakini inakwenda.

Afu nikataka iseme saa kama watu tunavyosema. Kumbe ni rahisi mno, sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, na saa yetu ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya kwenye simu kwa sita, kwa hiyo unachukua UTC unatoa tatu, ikizidi kumi na mbili unatoa kumi na mbili, ikiwa sifuri au chini yake unaongeza kumi na mbili, umemaliza. 14:30 ya kwao ni saa kumi na moja na nusu jioni. Nimefurahi kama mtoto.

Shida ikaja kwenye usiku. Hoja inayofungwa 23:00 UTC Jumamosi, huku ni saa nane usiku, ila usiku upi? Ukiandika Jumapili saa nane usiku nusu ya kikundi watasubiri Jumapili ikichwa, ndo wakapige, wakute imefungwa jana. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya alfajiri mgambo anasema usiku wa kuamkia Jumapili. Hiyo mistari minne ya kodi naipenda kuliko yote.

Jumatano

Vidogo vidogo. Kurasa, ukiomba kura zote za hoja unapewa 100 za kwanza pamoja na next_key ya ukurasa unaofuata, na ile next_key ina alama za kujumlisha na mikwaju, usipoifunga vizuri kwenye anwani alama ya kujumlisha inageuka nafasi, unarudishiwa ero. Dakika arobaini.

Spamu pia. Kuna watu walikuwa wanaleta hoja feki zenye vichwa vya bure bure njoo uchukue tokeni zako hapa, na linki ya wizi ndani. Ziliishia kwenye hatua ya amana lakini zilionekana kwenye waleti za watu, ndo maana siku hizi programu yenyewe ina kanuni ya kudai sehemu ya amana mwanzoni kabisa. Mgambo haonyeshi hatua ya amana, na kwenye kichwa cha hoja linki zote zinafutwa, pia zile herufi za siri zinazoweza kubadilisha rangi au kusogeza maandishi kwenye terminali. Kichwa cha hoja kimeandikwa na mtu nisiyemjua, sikiamini hata kidogo.

Ijumaa usiku

Nimeweka sehemu ya validata. Unampa mgambo anwani ya validata inayoanza na cosmosvaloper1, yeye anaangalia kama kapiga kura. Kura inapigwa na anwani ya kawaida inayoanza na cosmos1, na nilisoma kwamba hizo anwani mbili ni mtu yule yule, kwa hiyo nikafuta tu neno valoper katikati. Rahisi hivyo.

Ikakubali mara ya kwanza. Kuna hoja moja iko wazi wiki hii, imebaki siku mbili, mgambo kaniandikia validata wako HAJAPIGA. Nikaangalia wa wenzangu, HAJAPIGA, HAJAPIGA, HAJAPIGA. Wote sita! Nikapiga picha ya skrini nikatuma kwenye kikundi, nikaandika oneni hawa, wanakula kamisheni zetu afu kura hawapigi, tuwahame. Watu wakawaka. Mmoja akaanza kuondoa tokeni zake pale pale, na kuondoa ni siku 21 unasubiri bila malipo yoyote.

Nikalala vizuri sana.

Jumamosi

Nimeamka nikakuta ujumbe wa dada mmoja kwenye kikundi, yeye huwa hasemi sana. Kaka, mi nimeangalia kwenye ile tovuti ya kuchungulia mnyororo, validata wangu kapiga tangu Jumatatu. Na wako pia kapiga. Una uhakika na kitu chako?

Sikuwa na uhakika na kitu changu.

Nikarudi kwenye terminali, nikauliza kwa curl, komandi ya kugonga anwani za mtandao, swali lile lile ambalo mgambo alikuwa anauliza, bila mgambo katikati. Jibu lilikuwa 400, na ndani yake maelezo, decoding bech32 failed, invalid checksum. Bech32 ndo mtindo wa kuandika hizi anwani. Yaani node ilikuwa inaniambia hii anwani uliyoniletea sio anwani. Na mimi kodi yangu ilikuwa inasema 400 maana yake hajapiga.

Kwa nini niliandika hivyo? Kwa sababu mtu ambaye hajapiga kura kweli ukimuuliza node pia inakupa 400. Hiyo hiyo. Maelezo ya ndani tu ndo tofauti, ya huyu yanasema voter not found for proposal, ya yule yanasema checksum. Mimi jana nilitesti na anwani yangu ambayo kweli ilikuwa haijapiga, nikaona 400, nikafunga mahesabu, 400 ni HAJAPIGA, sikusoma hata neno moja la ndani. Afu nikaenda kuwapelekea wenzangu anwani za kubuni na kila iliyokataliwa nikaiita uvivu wa mtu.

Na ile ya kufuta valoper, hapana, haiendi hivyo. Ni kweli ndani ni baiti 20 zile zile, lakini herufi sita za mwisho wa anwani ni za ukaguzi na zinakokotolewa pamoja na neno la mwanzo. Ukibadilisha mwanzo mwisho lazima ubadilike. Inabidi uifungue yote, utoe zile baiti, uzifunge upya na cosmos. Nimefanya hivyo sasa, ni mistari kumi na mbili. Validata wote sita walikuwa wamepiga. Wa kwangu alipiga siku ya pili baada ya hoja kufunguliwa, ndani ya siku moja na nusu, mwenzangu.

Nimeomba radhi kwenye kikundi, nikafuta ile picha. Yule aliyeanza kuondoa nimemwambia ukweli, bahati nzuri siku hizi kuna kughairi kuondoa kabla siku hazijaisha na amefanikiwa kughairi, ila ameniambia mkuu ningekuwa na namba yako ya nyumbani ningekuja. Anayo. Hajaja bado.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Nimekaa nikaandika upya sehemu yote ya majibu. Mwanzo mgambo alikuwa na majibu mawili, kapiga na hajapiga. Sasa ni matatu, KAPIGA, HAJAPIGA, SIJUI. Na kanuni ni kwamba HAJAPIGA lazima ithibitishwe, sio jibu la kuangukia. Ni lazima nipate 400 yenye yale maneno ya voter not found, na anwani iwe imepita ukaguzi kwangu kabla hata sijauliza, na hoja iwe bado wazi. Chochote kingine, taimauti, 429, 500, maneno nisiyoyajua, ni SIJUI, rangi ya njano, na sababu pembeni.

Hiyo ya hoja iwe bado wazi nimeiweka kwa sababu ya kitu kingine nilichokigundua leo na nikacheka peke yangu. Kura ikifungwa na kuhesabiwa, kura za mtu mmoja mmoja zinafutwa kwenye hali ya sasa ya mnyororo, inabaki jumla tu. Ukiuliza leo nani alipiga nini kwenye 848 unaambiwa voter not found, kwa kila mtu, hata aliyepiga. Kwa mgambo wa jana dunia nzima haikupiga kura kwenye 848. Rekodi yenyewe ipo kwenye miamala ya zamani, lakini huo ni mlango mwingine na node nyingi za umma hazitunzi mambo ya zamani hivyo. Sasa mgambo anatunza mwenyewe kwenye SQLite, databesi ndogo ya faili moja, kila anachokiona wakati hoja iko wazi.

Pia kuna wanaogawa kura yao, asilimia 70 ndiyo 30 hapana, inaruhusiwa, jibu linakuja kama listi. Nilikuwa nasoma ya kwanza tu. Nimerekebisha nikanyamaza, hilo hakuna aliyeligundua.

Namba za kutokea nazo, zile komandi inazoacha ikimaliza, nimezipanga, sifuri ni umepiga zote, moja kuna usiyoipiga, mbili sijui. Skripti zingine zikimuita zijue kutofautisha.

Jumapili

Node moja ya umma imeganda. Haijafa, ingekufa ingekuwa heri, imeganda. Inajibu vizuri, 200, JSON safi, haraka kuliko wenzake, ila bloku yake ya mwisho, yaani fungu la mwisho la miamala, ilikuwa ya siku tatu nyuma. Kwa hiyo iliniambia hakuna hoja mpya, na kwa dunia yake haikudanganya.

Sasa kabla ya kuuliza chochote mgambo anauliza bloku ya mwisho ni ya saa ngapi. Hub inatoa bloku kila sekunde sita hivi, kwa hiyo ikizidi dakika mbili node hiyo inarukwa. Zikirukwa zote, SIJUI.

Wiki ya pili, sikumbuki siku

Cron, ile ya kukimbiza komandi yenyewe kwa ratiba. Kwenye terminali mgambo anakimbia, kwenye cron hakuna kitu. Hakuna ero, hakuna ujumbe, kimya. Wenye uzoefu mshajua, cron ina PATH yake fupi, yaani orodha ya folda za kutafutia komandi, haikuiona komandi yangu, na malalamiko yake iliyatuma kwenye barua pepe ya ndani ya mashine ambayo mi sina. Nimehamia timer ya systemd, ina kitu kinaitwa Persistent=true, umeme ukikatika saa ya kukimbia ikapita, mashine ikiwaka tu inakimbia hapo hapo. Kwa mitaa yetu hiyo ndo sifa ya kwanza ya kuangalia.

Ila haitoshi. Mgambo ananitumia taarifa Telegram, kwa hiyo laptopu ikizimwa siku tatu Telegram yangu itakuwa kimya, na kimya nitakisoma kama hakuna hoja. Nikaweka ujumbe wa kila asubuhi saa moja, nipo, hakuna jipya. Siku mbili za kwanza niliusoma. Siku ya nne niligundua nimeuzima sauti. Na hata usipozima, nani anagundua ujumbe ambao haujaja?

Kwa hiyo sasa mgambo akimaliza mzunguko salama anaandika saa yake kwenye kifaili kwenye gist ya GitHub, na simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo, ina Termux, terminali ya Android, iko kwa dada yangu Morogoro kwenye umeme mwingine na bando lingine, inasoma hicho kifaili kila saa. Kikiwa cha zamani kuliko saa sita, simu inapiga kelele kule na kunitumia ujumbe. Dada kauliza hii simu inalinda nini. Nikamwambia inamlinda mlinzi. Akasema basi mlipe.

Ijumaa

Jamaa wa wamachinga kauliza lini mgambo ataangalia na Ethereum, akanitolea mfano wa Compound, mradi wa kukopeshana sarafu ulioko Ethereum, hoja 289 ya Julai 2024, ile ya kuhamisha tokeni za COMP karibu laki tano, dola milioni 24 hivi, ilipita kwa 682,191 dhidi ya 633,636, kura ikafungwa mwisho wa wiki. Baadaye wenyewe wakakubaliana ikafutwa. Mfano mzuri, ila kule kura zinaishi ndani ya mikataba ya kikompyuta (smart contract) ya kila mradi, hakuna mlango mmoja kama huu wa gov, ni kazi mpya kabisa. Nimemwambia hapana kwa sasa. Nilichochukua kwake ni wikiendi. Hoja inayofungwa Jumamosi au Jumapili sasa inaanza kulia tangu Alhamisi.

Jumamosi

Nimewasha mnyororo wa majaribio kwenye laptopu kujaribu hoja za haraka, zile za SDK 0.50, toleo la programu ya kujengea minyororo ya Cosmos. Zina muda mfupi na zinadai ndiyo nyingi zaidi, na zikishindwa hazifi, zinageuka hoja za kawaida zinaendelea. Maana yake saa ya kufungwa inasogezwa mbele huku namba ya hoja ni ile ile. Mgambo alikuwa ameshaitunza saa ya kwanza kwenye SQLite akaamini mambo yamekwisha, akanyamaza wakati kura bado iko wazi. Nimefuta utunzaji wa saa, inaulizwa upya kila mara. Kwenye databesi nimebakiza kura tu.

Jumanne

Amelia. Saa tatu usiku, hoja mpya Hub, ya kweli, na Telegram ikalia kabla hata sijamaliza kula. Nikafungua terminali:

mimi: HAJAPIGA
dada wa kikundini: KAPIGA hapana
wamachinga: HAJAPIGA
aliyeghairi: KAPIGA ndiyo
wengine wawili: HAJAPIGA
validata wangu: SIJUI, node imejibu 429

Nimesoma hoja yote, ndefu kweli, nimepiga hapana kwenye waleti, nikasubiri bloku mbili nikaiita tena. Mimi, KAPIGA hapana. Validata bado SIJUI. Kikundini wameshaanza kuuliza validata wa nani kapiga nini, nimewaandikia sijui bado, nitaiuliza tena saa nne.